Mama Aliyekuja na Kidonge

Mama yangu nilimpata kwenye kidonge. Najua inavyosikika, na waliowahi kunisikia nikisema hivyo wamenitazama kwa jicho la huruma, lakini sina mlango mwingine wa kuingilia habari hii. Alifariki nikiwa bado nabebwa. Hakuacha picha. Ile moja aliyopigwa siku ya kipaimara iliwekwa ndani ya jeneza lake, kwa sababu siku ile hakuna aliyefikiri kwamba kale katoto kanakolia pembeni ipo siku katauliza sura ya mama yake.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, kule Kituntu, katika nyumba iliyofunikwa na migomba hivi kwamba mgeni husikia kwanza sauti za watu ndipo aione. Kaburi la mama liko humo humo kibanjani, kati ya migomba. Bibi alipita kando yake kila alipokwenda kukata ndizi, na nilipokuwa mdogo nilipomuuliza chochote juu ya mama alinituma maji. Nikazoea kutouliza. Mtoto akitumwa maji mara nyingi, hujifunza.

Nilizaliwa na virusi. Nilijua kuwa nameza dawa kabla sijajua kwa nini. Utotoni ilikuwa dawa ya maji, chungu, ya kufukuzia kwa kipande cha muwa. Baadaye vikawa vidonge, asubuhi na jioni. Nilipovunja ungo na uzito ukaongezeka, kliniki wakanihamishia kidonge kimoja cha watu wazima, kikubwa, cha kumeza jioni wakati wa kwenda kulala. Hiki ndicho kilichomleta mama.

Nesi alitueleza vizuri. Alikuwa mwanamke mpole, hana haraka, na alisema nami na bibi kwa pamoja.

"Mwanzoni kitakulewesha kidogo. Utasikia kizunguzungu na utaota sana. Kwa wengi hupungua baada ya muda. Ila usikimeze na chakula cha mafuta mengi. Mafuta hufanya dawa iingie mwilini kupita kiasi, halafu kizunguzungu na ndoto vinazidi."

"Tumesikia, mwanangu," bibi alijibu.

Na kweli alisikia.

Mara ya kwanza mama alikuja akiwa mbele yangu. Ukungu wa kwetu, ule wa alfajiri, ulikuwa umelala kibanjani ukifika magotini, na mwanamke alikuwa akitembea kati ya migomba na mzigo wa nyasi mbichi kichwani, zile za kutandika sebuleni siku ya sikukuu. Maji ya nyasi yalikuwa yakimdondoka shingoni. Nilijua ni mama, kama unavyojua mambo ndotoni bila kuambiwa. Nikaita "Maawe!" kwa Kinyambo, kama mtoto anayemlilia mama yake, naye akapunguza mwendo. Hakugeuka. Migomba ilikuwa ikisogea kumpisha, nami sikuona ajabu yoyote. Nilipoamka kitanda kilikuwa kikielea, na nikakaa kitako muda mrefu nikisubiri sakafu itulie.

Bibi nilimkuta jikoni akimenya ndizi. Nikamsimulia. Kisu kikasimama.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Kitenge cha kijani."

"Amekonda?"

"Hapana, Bibi. Amenona. Mikono yake imejaa."

Bibi akaweka ndizi chini, akajifunika uso kwa upande wa kanga. "Amenona," alisema ndani ya kanga. "Asante Yesu. Amenona." Wakati ule sikuelewa. Leo, nikijua jinsi watu walivyokuwa wakizikwa zamani kabla ya dawa, wepesi kama mganda wa nyasi, naelewa mpaka naumia.

Tangu siku hiyo ndoto zangu zikawa kifungua kinywa cha watu wawili. Nilikuwa nikiamka, natembea kwa kushika ukuta hadi jikoni, naketi kwenye kigoda, na bibi ananitazama usoni kabla hata ya salamu. Namwambia mama alikuwa akianika kahawa mkekani na buni zilikuwa zikiruka zenyewe kugeuka juani. Namwambia tulivuka mto ambao haukuwa na maji bali mwanga. Bibi hakubisha, hakucheka, hakusema ndoto ni ndoto. Aliuliza tu alivyoketi, alivyovaa, kama alikuwa anakohoa.

"Hakohoi, Bibi."

"Basi. Endelea."

Nesi aliposema mambo haya hupungua baada ya muda, nilimwelewa vizuri, na nikaogopa. Kila nilipokwenda kliniki aliniuliza, "Kizunguzungu?" Nasema kidogo tu. "Na ndoto?" Nasema zimeisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo ilivyoandikwa ukutani pale pale nyuma ya kichwa chake, na mimi nikiisoma huku nikidanganya. Bibi, ambaye nyumbani alikuwa amesikia ndoto ya asubuhi ile ile, aligeuka kutazama dirishani kana kwamba ameona mtu anayemfahamu. Niliona ametunza siri yangu. Nilimpenda sana siku ile.

Lakini mwili una ratiba yake, na ndoto zikaanza kufifia kweli. Mama akawa anakuja siku moja, siku tatu haji. Akija, anakuja kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Bibi akinitazama asubuhi na mimi nikitikisa kichwa, alirudi kwenye ndizi zake na kuzimenya kwa nguvu kuliko zilivyostahili.

Kisha ukaja msimu wa senene, wale panzi wanaoliwa kwetu.

Asiyetoka kwetu inabidi aelezwe kuwa bibi yangu hawali senene. Enzi zao senene walikuwa wa wanaume. Mwanamke aliwakamata, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga, akamwekea mume wake, na yeye akabaki na harufu. Siku hizi wanawake tunawala bila kuogopa mtu, lakini bibi alishikilia ya kwao. Kwa hiyo nilishangaa alipowakaanga taratibu katika mafuta yao wenyewe hadi wakang'aa, akanipakulia sahani ya mwanamume mzima.

"Kula, mke mwenza," alinitania. "Kula kwa niaba ya babu yako."

Nikala. Vidole viking'aa, akaniletea kikombe cha maji na kidonge.

Na mama akageuka. Alikuwa kwenye kilima kilichojaa ukungu, ameupa mgongo upande wa Rwanda, na alipogeuka sura yake ilikuwa karibu sana na yangu, na yote niliyoyatamani yalikuwa pale: macho, mashavu, kidoti kidogo juu ya mdomo. Alikuwa na joto. Nasema wazi, sijawahi kuwa na furaha kama ile, wala kabla wala baadaye, na nimeolewa, na nimezaa.

Senene walipokwisha, ikaja samli. Bibi alikuwa na shoga yake kule kijiji cha Songambele aliyefuga ng'ombe, na samli ikawa inasafiri kwa bodaboda ndani ya kidumu kilichofungwa mara mbili. Ilitiwa kwenye maharage ya jioni, juu ya ndizi, hadi kwenye mchicha, maskini, ambao haukuwa umemkosea mtu. Parachichi nalo likafuata. Nikawa nanenepa mashavu. Majirani wakamsifu bibi kwamba mjukuu wake anapendeza. Mimi nilijua mapenzi ya bibi ni ya kulisha, na sikuuliza zaidi. Yale maneno ya nesi kuhusu mafuta nilikuwa nimeyasikia kwa masikio haya haya, lakini mtu hukumbuka ushauri pale tu anapoutaka.

Mchana nikawa mtu wa ukungu. Nilikuwa najifunza kushona mjini Bugene, kwa mama mmoja Mhaya kutoka Muleba, hodari wa cherehani na hodari zaidi wa maneno. Alishika suruali niliyoishona, akaipindua juu chini, akaniuliza, "Binti, hii umemshonea nani, mtu wa miguu mitatu?" Nilicheka pamoja naye, ila kicheko kilitoka mbali, kama kinatoka kwa jirani. Barabara ilikuwa ikiinuka na kushuka chini ya miguu yangu. Asubuhi moja nilitumbukia mtaroni nikiwa natembea wima, sijajikwaa popote, na dereva wa bodaboda akapaza sauti kwa wenzake, "Tazameni, rubisi asubuhi yote hii!" Niliwaacha waamini kuwa nimelewa. Ilikuwa aibu nyepesi kuliko ile nyingine.

Kuanguka hakukuwa kubaya zaidi. Kibaya ni kwamba nilianza kuchukia kuamka. Niliona nyumba ya mchana kuwa ndiyo ya uongo, na ile ya usingizini kuwa ndiyo kwetu. Chai haikuwa na ladha. Wimbo wa kanisani ulinipitia kama upepo kwenye wavu. Nilikuwa nikilia bila sababu nikiwa nimeshika sindano, na mama mshonaji, yule wa maneno, akawa ananitazama bila kusema neno, jambo lililonitisha kuliko machozi yenyewe.

Asubuhi iliyobadilisha mambo ilikuwa ya mvua. Nilifika jikoni nimejikokota, nikaketi kwenye kigoda.

"Amekuja?" bibi aliuliza.

"Amekuja. Tulikuwa tumekaa mlangoni kwake. Kuna nyumba, Bibi, nzuri, imetandikwa nyasi mbichi. Nilipoinuka niondoke akanishika mkono. Akasema nibaki."

"Ukasemaje?"

"Nikasema sawa. Nikasema leo nina kazi ya watu cherehanini, ila nitakuja nibaki."

Bibi alichukua kidumu cha samli kutoka juu ya dari, akatoka nacho kwenye mvua, nami nikamwona kupitia mlangoni akikimimina chote kwenye shina la mgomba, akikikamua kwa mikono yote miwili. Aliporudi alikuwa amelowa. "Vaa," aliniambia. "Tunakwenda kliniki." Nikamwambia si siku yetu. "Vaa."

Nesi yule yule alitupokea. "Shikamoo, bibi, mbona na mvua hii?"

"Marahaba, mwanangu." Bibi hakuketi. Alisimama na kanga yake inachuruzika maji sakafuni, akasema kwa Kiswahili chake cha kanisani, polepole, ili asikosee. "Huyu mtoto alikudanganya kwamba ndoto zimeisha. Mimi nikanyamaza. Wewe ulisema mafuta yanazidisha ndoto. Nimekuwa nikimlisha mafuta ndipo ameze dawa. Senene, samli. Kila jioni. Nilitaka amwone mama yake aniletee habari. Sasa mama yake anamwita. Sikuyataka hayo, waitu. Mimi nilitaka habari tu."

Nilimtazama kana kwamba ni mgeni aliyeingia na mvua. Sahani zote zile. Mke mwenza, kula.

Nesi hakutugombeza hata mmoja wetu. Alifunga mlango, akamkalisha bibi, akanigeukia mimi. "Kuna nyakati unawaza bora usiamke tena?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali lile. Nikasema, "Zipo." Neno lenyewe likanitoka dogo, na nyuma yake nikalia kilio ambacho sikujua nilikuwa nacho. Alinisubiri. Kisha akamwita daktari, wakaniuliza mengi, wakachukua damu, na daktari akasema dawa hii na mimi hatupatani, haijalishi mafuta yapo au hayapo, na kwamba kipo kidonge kipya ambacho wengi walikuwa wanahamishiwa. Kipya nacho kina vituko vyake, alisema. Huweza kunenepesha, hupandisha sukari kwa baadhi ya watu, na mtu akikimeza jioni kinaweza kumnyima usingizi, kwa hiyo nimeze asubuhi. Na nisirudi peke yangu nyumbani na mawazo yale. Nirudi kwao wiki hiyo hiyo tuzungumze.

"Na ndoto?" niliuliza.

"Zitapungua. Huenda zikaisha kabisa."

Alisema hivyo kwa furaha, kama anayempa mtu zawadi.

Tulirudi kwa bodaboda moja, mimi katikati, bibi nyuma yangu, na tulipofika nyumbani ndipo hasira yangu ilipopanda. Nilimwuliza angewezaje. Nilimwambia nilikuwa naangukia mitaroni. Nilimwambia angeniua. Nilisema mengine ambayo mjukuu hamwambii bibi yake, na mvua ikayafunika baadhi.

Aliniacha nimalize. "Wewe ulimpoteza mama usiyemjua," alisema. "Mimi nilimpoteza mtoto ninayemjua. Nilimwosha mwenyewe. Alikuwa mifupa. Halafu asubuhi moja unakuja jikoni unaniambia amenona." Akaingia ndani.

Kidonge kipya kilifanya kazi yake kimya kimya. Sakafu ikatulia. Barabara ya Bugene ikalala chini kama barabara nyingine. Mashati yangu yakapata mikono miwili pale inapotakiwa, na mama mshonaji akarudia matusi yake ya kirafiki, ambayo nilikuwa nimeyakosa. Niliendelea kunenepa, safari hii bila senene. Magauni niliyojishonea mwenyewe yakaanza kunisengenya ubavuni. Kliniki wakawa wananipima sukari na kuniuliza usingizi, nami sasa nilijibu kweli. Ile hamu ya kutoamka ikaondoka kidogo kidogo, kama homa.

Na mama akaondoka nayo. Nililala nikaamka na katikati hapakuwa na kitu. Nilimlilia kwa mara ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza yenyewe, ile ya kweli, nilikuwa mdogo mno kulia kwa maana. Bibi aliendelea kumenya ndizi asubuhi. Hakuniuliza tena kama amekuja. Alinikaribisha chai, nikamshukuru, tukanywa tukitazama moto. Alikuwa anazeeka mbele ya macho yangu. Nilikuwa bado nina hasira naye, na nilikuwa namhurumia, na hayo mawili yalikaa pamoja kifuani bila kugombana.

Huruma ikashinda. Asubuhi moja niliketi kwenye kigoda nikasema, "Leo amekuja."

Bibi akanitazama. "Na kidonge kipya?"

"Na kidonge kipya."

Ulikuwa uongo mtupu; nilikuwa nimelala kama gogo. Nikamtungia mama akiwa amesimama mlangoni na kikapu, kitenge cha kijani, mikono imejaa. Bibi akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya," akanimiminia chai. Siku chache baadaye nikamtungia nyingine. Nikaanza kuzitunga njiani, kwenye cherehani, hata kanisani wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe. Nilijitahidi zisiwe tamu mno. Nilijitahidi asiniite popote.

Ndipo ikafika asubuhi niliyomwambia kuwa nimemwona uani akiwamwagia kuku mtama, huku akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti nzuri inayofika mpaka barabarani.

"Hapana," bibi alisema.

Miezi yote ile ya ndoto za kweli, mto wa mwanga na buni zinazoruka, hakuwahi kuniambia hapana. Ndoto haisahihishwi. Anayesahihishwa ni mtungaji. Uso ukaniwaka, nikajua kwamba amejua, na huenda alijua tangu kile kikapu cha kwanza. Nikainuka nitafute kazi ya kufanya.

"Kaa," alisema, na kisu chake hakikusimama. "Mama yako kuimba alikuwa hajui. Mwalimu wa kwaya alimsihi siku ya Krismasi awe anafungua mdomo tu, sauti aiache nyumbani. Na kuku alikuwa anawaogopa."

"Kuku?"

"Kuku! Mtu mzima. Jogoo wa jirani alimjua kabisa, akimwona tu anamfuata. Siku moja alimkimbiza kutoka kisimani. Maji yote yalimwagika, ndoo ikabiringika mpaka kwenye kahawa, yeye anapita hapa mlangoni anapiga yowe, hakusimama mpaka amepanda juu ya ile meza." Alionyesha meza kwa ncha ya kisu, na mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Sikuwahi kumwona bibi akicheka habari ya mama. Nilicheka naye mpaka machozi, kisha nikaogopa kwamba atanituma maji, nikauliza haraka kabla hajanituma.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua huchomoza upande gani.

"Ungekuwa wapi? Mgongoni kwake. Alikuwa amekushika kwa nyuma na mikono yote miwili, usije ukadondoka. Ndiyo maana ndoo aliitupa."